Mtalii au Mwenyeji?

"Mtalii au mwenyeji?" mlinzi wa makumbusho aliniuliza kabla sijamaliza kukunja mwavuli.

Lilikuwa swali la kazi tu. Kiingilio cha Mtanzania na cha mgeni wa nje si bei moja, na kitabu cha wageni kina safu ya kuandika mtu anakotoka. Hata hivyo nilisita. Nilikuwa na begi mgongoni, kamera shingoni na daftari mkononi, na bodaboda aliyenileta kutoka Mwanga alikuwa amenitajia nauli ya mgeni nami nikalipa bila kubisha.

"Mwenyeji," nikasema.

"Wa wapi?"

"Hapa hapa Ujiji. Kasingirima."

Akakigeuza kitabu kunielekea. "Na leo ndiyo mara ya kwanza?"

Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza. Nimezaliwa Ujiji, nimesoma hapa mpaka darasa la saba, na likizo zote za sekondari nilizimalizia kwenye baraza la bibi yangu, mwendo wa robo saa kwa miguu kutoka kwenye miembe hiyo maarufu. Sikuwahi kuingia. Watu wa Ujiji hatuendi kwa Livingstone. Wazungu ndio huenda, sisi tunawaelekeza njia.

Safari hii nilipelekwa na mambo mawili. La kwanza ni tasnifu yangu ya uzamili, inayohusu miji iliyokua kwa biashara ya misafara, na msimamizi wangu alikuwa amenichoka kwa kusoma habari za Ujiji nikiwa Dar es Salaam. La pili ni mji mmoja wa mbali kwenye pwani ya Bahari ya Baltiki, ambako miezi michache kabla nilikuwa mtalii kamili, wa kulipa bei ya mgeni bila mtu kuniuliza chochote.

Nilikuwa Helsinki kwa kozi fupi ya kiangazi. Siku ya mapumziko wenzangu wakaniambia kuna feri, saa mbili tu majini na uko Tallinn, mji mkuu wa Estonia. Mtu aliyekulia kando ya Tanganyika habembelezwi kupanda meli. Nikaenda.

Mji mkongwe wa Tallinn unauingia kwa lango la Viru, katikati ya minara miwili ya mawe yenye mapaa mekundu yaliyochongoka. Ukuta wa zamani bado umesimama kwa karibu kilomita 2, pamoja na minara zaidi ya 20. Ndani kuna uwanja wa soko, na kando yake jumba la baraza la mji lililokamilika mwaka 1404. Upande wa pili kuna duka la dawa ambalo limetajwa kwenye kumbukumbu za mji tangu mwaka 1422, na hadi leo ukiumwa kichwa unanunua vidonge pale. Wahudumu wa migahawa wamevalishwa nguo za karne ya 15. Nilicheka peke yangu nikiwawazia madereva wa bajaji wa Ujiji wakivalishwa kama wapagazi wa msafara ili kuwafurahisha wageni.

Ulikuwa mji wa wachuuzi, kama Ujiji. Enzi hizo ukiitwa Reval, na ulikuwa ndani ya Hansa, umoja wa miji ya wafanyabiashara wa Kijerumani waliotawala biashara ya Baltiki. Manyoya na nta vilitoka Urusi, nguo na chumvi zikatoka magharibi. Wenyewe husema mji wao umejengwa kwa chumvi. Niliposikia hivyo nikaikumbuka Uvinza. Wakati matajiri wa Reval wanapima chumvi kwenye maghala yao, watu wa bonde la Malagarasi nao walikuwa wakichemsha maji ya chemchemi za chumvi, kazi ambayo wanaakiolojia wameikuta ina umri wa zaidi ya miaka 1,000. Chumvi hiyo ndiyo ilikuja kuwa mojawapo ya bidhaa kubwa za soko la Ujiji. Tofauti ni kwamba Uvinza hakuna mtu aliyevalishwa kofia ya karne ya 15.

Kwenye mtaa wa Pikk kuna jumba la chama cha zamani cha wafanyabiashara vijana, wale ambao hawajaoa. Chama kiliitwa Udugu wa Vichwa Vyeusi. Mtakatifu wao alikuwa Mauritius, askari wa jeshi la Roma kutoka Misri, ambaye wachoraji wa Ulaya ya kaskazini walizoea kumchora akiwa mtu mweusi. Mlango wao wa karne ya 17, wa rangi za kijani na nyekundu na dhahabu, una kichwa chake. Nikasimama uso kwa uso na Mwafrika wa kuchonga, katika mji ambao tangu asubuhi nilikuwa sijaona mwingine isipokuwa kwenye vioo vya maduka. Wanachama wa udugu ule wote walikuwa weupe. Mama mmoja mtalii akaniomba anipige picha kando ya mlango. Nikakubali kwa sharti kwamba anitumie na mimi.

Lakini kilichonibakia moyoni ni maneno ya kiongozi wetu, msichana wa rika langu aliyekuwa akitutembeza akiwa ameinua mwavuli wa njano ili tusipotee. Alisema Waestonia hawakuwa mabwana wa mji huu. Mabwana walikuwa Wajerumani. Waestonia walio wengi walikuwa mashambani, wakulima waliofungwa kwenye ardhi ya bwana, bila ruhusa ya kuhama, na kuna nyakati waliuzwa. Walifunguliwa kisheria mwaka 1816. Hata majina ya ukoo hawakuwa nayo. Yaliandikishwa baadaye, kazi ikamalizika mwaka 1835, na mara nyingi aliyechagua jina alikuwa bwana wa shamba au karani wake. "Hili langu pia," akasema, akalitaja na kutueleza maana yake, jambo fulani la kuchekesha kuhusu mnyama. Kundi likacheka, yeye akacheka, akainua mwavuli wake tukaelekea kanisa linalofuata.

Nilichelewa kuwafuata. Nilikuwa nimemsikia mtu akisema hadharani, sokoni, mbele ya watu 30 asiowajua, kwamba wazee wake walikuwa mali ya watu. Alisema kama anayetaja hali ya hewa. Kwetu sentensi hiyo haisemwi, hata jikoni.

Ndani ya makumbusho ya Ujiji kuna sanamu mbili za kimo cha mtu mzima, Livingstone na Stanley, kofia zimeinuliwa, wakisalimiana. Nje kuna mnara wa jiwe wenye ramani ya Afrika iliyokatwa kwa msalaba, na kibao kinachosema kwamba chini ya mwembe uliokuwa hapa watu hao walikutana tarehe 10 Novemba 1871. Mwembe wenyewe ulikufa zamani. Miembe miwili iliyopo, kaka aliyekuwa akinitembeza alieleza, ni vipandikizi vyake.

Alikuwa mwelezaji mzuri, mwenye sauti ya mwalimu wa darasa la tatu. Alinipa mkutano wote: bunduki za msafara wa Stanley zikilia, bendera ya Marekani ikitangulia, Susi akikimbia kumwita bwana wake, halafu yale maneno manne ya Kiingereza yanayojulikana dunia nzima. Sikumkatiza. Ila wanahistoria wameipiga darubini siku hiyo na haitulii. Livingstone alikuwa amepotea hesabu za siku, kwa hiyo tarehe yake na ya Stanley hazikubaliani. Na kwenye daftari la safari la Stanley, kurasa za mkutano wenyewe zimechanwa. Huenda maneno manne yale yalitungwa baadaye. Ni ajabu kidogo kwamba sentensi ambayo huenda haikusemwa ndiyo iliyojengewa makumbusho.

Jambo ambalo hakulitaja ni Livingstone alikuwa anatoka wapi. Alikuwa anatoka Manyema, ng'ambo ya ziwa, katika Kongo ya leo. Tarehe 15 Julai 1871, siku ya soko, alikuwa Nyangwe kando ya mto Lualaba, wafanyabiashara wenye bunduki walipoanza kuwafyatulia risasi watu waliojaa sokoni, wengi wao wanawake. Waliokimbilia mitumbwi walizama. Makadirio yaliyomfikia yalikuwa ya mamia ya waliokufa. Aliyaandika kwa wino wa mbegu za mti, juu ya gazeti kuukuu, kwa sababu karatasi zilikuwa zimemwishia. Wino huo ulififia kiasi kwamba maandishi ya asili yalikuja kusomeka vizuri mwaka 2011 tu, kwa msaada wa mitambo maalumu ya picha. Yalionekana kuwa na mashaka zaidi kuliko kitabu kilichochapishwa baada ya kufa kwake, hasa kuhusu mwenendo wa watu wa msafara wake mwenyewe.

Baada ya siku ile alikata tamaa ya kuendelea, akarudi Ujiji. Alifika mwezi Oktoba akiwa mgonjwa, akakuta bidhaa zake zilizotumwa kutoka Zanzibar zimeshauzwa. Ndipo Stanley akatokea. Kwa maneno mengine, salamu ile ya chini ya mwembe ilimkuta mtu aliyekuwa anakimbia alichokiona Manyema.

Na mimi ni Mmanyema.

"Kaka," nikamuuliza, "na Wamanyema walifikaje hapa Ujiji?"

Akanitazama, akatazama kitabu cha wageni, akatabasamu. "Dada, si umesema wewe mwenyeji?"

Tukacheka wote wawili, na swali likaishia hapo. Mtalii angejibiwa.

Msomaji ambaye hajafika Kigoma anisamehe nieleze. Mmanyema wa Ujiji leo ni mtu wa mjini, Mwislamu, mwenye Kiswahili kilichonyooka na kanga safi, na hakuna anayemdharau. Si kila Mmanyema aliletwa kwa nguvu. Wapo waliokuja kama wapagazi wa kulipwa, wapo waliokuja kuchuuza, wapo waliokimbia vita vilivyoivuruga Kongo mwishoni mwa karne ya 19. Lakini wengi waliletwa. Mji tunaouita wetu ulikuwa mwanzo vijiji vya Wajiji, Kawele na Ugoy, na soko lao. Burton na Speke walipofika Februari 1858, wafanyabiashara wa pwani walikuwa wameshatangulia. Kisha akaja Mwinyi Kheri, mtu wa Mrima, aliyekuwa mkubwa wa Ujiji hadi alipofariki mwaka 1885, na baada yake Rumaliza, ambaye jina lake linatosha kueleza alivyoonekana na watu. Pembe za ndovu na watu walivushwa ziwa. Baadhi walipelekwa Tabora na pwani. Wengine walibaki hapa hapa wakawa watumishi, wapiga makasia, askari, masuria, wake. Philip Gooding, katika kitabu chake cha mwaka 2022 kuhusu ziwa hili, anawaonesha watu hao kama wajenzi wa mji, na nadhani yuko sahihi. Walichukua dini ya mabwana zao, mavazi yao na lugha yao, wakajiita waungwana. Ukitaka kujua neno hilo lina uzito gani, jiulize nani ana haja ya kulisema kila siku.

Ninalipenda soko lile la zamani kuliko mkutano wa makofia. Cameron, aliyepita hapa mwaka 1874, alikuta fedha ya Ujiji ni shanga ziitwazo sofi, zilizofanana na vipande vya shina la kiko lililovunjika. Soko lilipokaribia kufunguliwa walikuwepo wabadilishaji, kama mawakala wa fedha wa leo. Mwenye shanga za aina nyingine alibadilishiwa kwanza apate sofi, kisha akaingia kununua samaki, mawese, chumvi ya Uvinza. Lingekuwa jambo la kumwonesha mtalii. Kwenye makumbusho sikuona mtu akiliulizia.

Nilitoka nikashuka kuelekea ziwani. Ukisimama chini ya miembe hulioni ziwa kwa karibu, na wageni hushangaa, maana wamesoma kwamba Livingstone aliishi kando ya maji. Si uongo. Miaka ya 1870 maji yalikuwa yakipanda kwa sababu mdomo wa mto Lukuga, njia pekee ya ziwa kutolea maji, ulikuwa umezibwa na matope na mimea. Mwaka 1878 maji yakavunja kizuizi, na katika miaka iliyofuata ziwa likashuka kwa takriban mita 10. Pwani ya Ujiji ikasogea mbali na mji. Pale ambapo mitumbwi ilishusha watu, leo kuna nyumba na bustani za mboga. Nimecheza kombolela hapo utotoni.

Reli ilipofika ziwani mwaka 1914 ilikwenda Kigoma, kwenye ghuba yenye kina, na Ujiji ukabaki mji wa pembeni. Nayo meli ya Liemba, ambayo kila mtalii huiuliza, ni habari ya Kigoma pia. Siigusi.

Mwaka 2006 Tanzania iliiweka Njia ya Kati ya Biashara ya Watumwa na Pembe za Ndovu kwenye orodha ya mapendekezo yake kwa UNESCO, kuanzia Bagamoyo mpaka hapa Ujiji. Tallinn uliingia kwenye Urithi wa Dunia wenyewe mwaka 1997. Nilikuwa nimepanga kuandika ukurasa mzima wa malalamiko juu ya hilo, lakini jioni ile ilinibadilisha mpango. Ukuta una faida moja: haukuombi ruhusa kabla ya kusimulia. Ujiji hauna ukuta. Habari zake ziko kwenye vichwa vya watu kama bibi yangu.

Nilimkuta jikoni, migebuka imo kwenye mawese inachemka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umetoka kwa Livingstone? Hajambo?"

Baada ya kula ugali wa muhogo nikamwonesha ile picha ya mlango wa Tallinn. Akaisogeza simu mbali na macho, akaileta karibu.

"Huyu mweusi ni nani wao?"

"Mtakatifu wao, bibi. Askari."

"Hakuwa mtumwa?"

"Hapana."

"Haya."

Nikamsimulia habari ya msichana wa mwavuli wa njano, jina lake, na kicheko chake.

"Alisema mbele ya watu?"

"Watu kama 30."

"Na nyinyi mkampa nini?"

"Bakshishi."

Alicheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya kanga. Nikaona hapo ndipo pa kuuliza, nikauliza kama mtalii. Nilimuuliza mama wa mama yake alifikaje Ujiji. Jibu la ukoo wetu nalijua tangu utoto: walikuja na biashara. Akanipa lile lile. Walikuja na biashara.

"Nani alikuwa anauza, bibi?"

Alikaa kimya muda mrefu kiasi kwamba nilijuta. Adhana ya isha ikaanza msikiti wa karibu. Alisubiri iishe.

Alisema alivushwa hajavunja ungo. Alisema hakupenda kupanda mtumbwi maisha yake yote, na hata akialikwa harusi Kigoma alikwenda kwa miguu. Alimkumbuka vizuri. Alikuwa mzee mfupi, mwepesi wa hasira, fundi wa kusuka mikeka, na wajukuu walipomuuliza kwao ni wapi alionesha kwa kidevu upande wa jua kuchwa. Zaidi ya hapo hakusema, na watoto waliambiwa wasimsumbue.

Nikafanya hesabu kwa sauti. Mama yake bibi alizaliwa muda mfupi kabla ya reli kufika Kigoma. Sheria ya Wajerumani ilisema mtoto wa mtumwa atakayezaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 amezaliwa huru. Kwa hiyo yeye ndiye wa kwanza katika mlolongo wetu kuzaliwa akiwa wa kwake mwenyewe. Mama yake ilimbidi asubiri Waingereza, mwaka 1922, utumwa ulipofutwa kabisa Tanganyika. Nilikuwa nimeisoma miaka hiyo mara nyingi, kwa ajili ya mtihani. Sikuwahi kuweka watu wetu ndani yake.

Bibi alisikiliza akichokoa meno.

"Hiyo ya mwaka huo wa 22," akasema. "Walikwenda wakamwambia mwenyewe?"

Sikuwa na jibu. Nimekuwa nikilitafuta tangu siku hiyo, na limeingia kwenye tasnifu kama sura ya tatu.

Halafu, bila kuulizwa, alinitajia jina. Si lile la uzeeni tunalomsomea hitima, bali la kwanza, alilopewa alipofika sokoni Ujiji, lile aliloitwa na waliomnunua. Ni neno la dukani. Kila mmoja wenu analitumia. Bibi akanishika mkono akasema, "Hilo usiliandike." Nikamwahidi.

Asubuhi alinikuta nafungasha begi. Alikuwa amekwishajifunga kanga mpya.

"Nipeleke na mimi nikamwone huyo mzungu wenu," akasema. "Nisije nikafa mtaa wa pili."

Mlinzi alimwamkia, akafungua kitabu, na safari hii hakuuliza swali. Bibi alizitazama sanamu mbili kwa adabu, kama mtu aliyekwenda kutoa pole kwa familia asiyoijua sana. Kisha akatoka nje, akavua ndala, akaketi kivulini chini ya mwembe, akamuuliza yule kaka kama maembe ya hapa huwa wanauza.